Kanisa la Mtaa Mpya katika Mji wa Xiamen

Chukueni ramani ya Asia. Wekeni kidole juu ya Hong Kong, kisha ifuateni pwani ya China kwenda kaskazini-mashariki mpaka mfike mahali panapoelekeana na kisiwa cha Taiwan. Hapo ndipo ulipo mji wa Xiamen. Katika vitabu vya zamani mtauona umeandikwa Amoy, kwa kuwa ndivyo Wazungu walivyolisikia jina hilo vinywani mwa watu wa sehemu zile. Mji wa kale uko kisiwani, kama ulivyo mji wa Mombasa, na ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari kuna kisiwa kingine kidogo kiitwacho Gulangyu. Likumbukeni jina hilo, maana tutalihitaji.

Katika mji wa Xiamen liko kanisa la Kiprotestanti linaloitwa kwa jina la mtaa wake wa zamani, Xinjie, yaani Mtaa Mpya. Wenyeji kwa lugha yao husema Sin-koe. Kanisa hilo lilifunguliwa tarehe 11 Februari 1849. Sikulichagua kwa uzuri wa kuta zake, kwani yako makanisa makubwa kulishinda huko Shanghai na Beijing. Wala somo letu si la dini, bali ni la historia, na Mwislamu na Mkristo watalifuata sawasawa. Nimelichagua kwa ajili ya swali ambalo watu wetu wamelijadili sana mabarazani: kitu kilicholetwa na wageni, tena nyuma ya mizinga, chaweza kuwa mali ya wenyeji? Na kama chaweza, ni kwa njia gani?

Basi tuanze na hiyo mizinga.

Katika miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Kiingereza walikuwa wakipeleka China shehena kubwa za afyuni kutoka India. Afyuni ndiyo ile iitwayo pia kasumba. Neno hilo siku hizi tunalitumia kwa mawazo mabaya yaliyomkaa mtu kichwani, lakini maana yake ya asili ni ulevi huo hasa. Serikali ya mfalme wa China iliikataza. Mwaka 1839 ofisa wake, Lin Zexu, alikamata zaidi ya masanduku 20,000 ya afyuni karibu na Guangzhou, akaiharibu yote. Waingereza wakapeleka manowari. Tarehe 26 Agosti 1841 waliupiga mji wa Xiamen wakauteka, na walipoondoka waliacha askari juu ya kile kisiwa kidogo cha Gulangyu. Mwaka uliofuata, kwa mkataba wa Nanjing, China ililazimishwa kuitoa Hong Kong na kufungua bandari tano kwa wageni: Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai.

Hata kabla mkataba haujatiwa sahihi, mnamo Februari 1842, mmisionari wa Kimarekani aitwaye David Abeel alishuka Gulangyu, na askari wa Kiingereza wangali pale. Hakuja na bunduki. Lakini njia aliyopita ilikuwa imefunguliwa kwa bunduki, na Wachina waliomwona akishuka walilijua hilo. Msomaji wa China akiisoma habari hii leo huisoma kwa uchungu, nami naona ana haki.

Pengine utauliza, kwa nini Abeel alikwenda Xiamen, asiende mahali pengine? Jibu lake lapendeza. Kabla ya vita mgeni hakuruhusiwa kukaa China na kufundisha dini. Lakini watu wa Xiamen ni mabaharia na wahamiaji tangu zamani. Walikwisha enea Singapore, Java, Borneo, Siam na Ufilipino, wakifanya biashara na kulima. Wamisionari wakawafuata huko. Abeel alikuwa amekaa kati ya Wachina wa Batavia na Singapore. Wenzake wawili, Elihu Doty na William Pohlman, walikuwa Borneo. Hivyo walijifunza lugha ya Xiamen nje ya Xiamen, na mlango ulipofunguka wakaenda mahali ambapo waliweza kumwamkia mtu wakaitikiwa.

Doty na Pohlman walifika mwaka 1844. Ugonjwa uliwapiga upesi. Mwaka 1845 wake zao wote wawili walikufa, wakipishana kwa siku chache tu. Abeel, aliyekuwa mgonjwa siku zote, alirudi Marekani akafa mwaka 1846. Mwaka huohuo wa 1846 watu wawili wa kwanza wa Xiamen walibatizwa, nao walikuwa wazee. Ndiyo mavuno yote ya miaka minne.

Walikuwa wakikutana katika nyumba ya kupanga. Pohlman akaona yafaa kujenga nyumba hasa ya ibada, akaandika Marekani kuomba fedha, zikapatikana dola zipatazo 3,000. Kiwanja kilikuwa mjini kwenyewe, katikati ya maduka na makao ya watu, si juu ya Gulangyu walikokuwa askari na baadaye mabalozi. Hilo ni jambo dogo kwenye ramani, ila kwa mtu wa Xiamen lilikuwa kubwa. Kwenda kanisani hakukumbidi apande mtumbwi kwenda kwa Wazungu. Alikwenda mtaani kwake.

Pohlman mwenyewe hakuliona likifunguliwa. Mapema Januari 1849 alikuwa akirudi kutoka Hong Kong kwa merikebu, nayo ikavunjika pwani, akafa maji. Mwezi mmoja baadaye milango ikafunguliwa bila yeye.

Sasa nataka tukae kidogo juu ya jambo ambalo kwetu sisi watu wa elimu ya watu wazima ndilo kiini cha habari yote. Ninyi mlioanza kusoma mkiwa na watoto wenu, tegeni masikio.

Mfikirini mwanamke wa Xiamen katika mwaka 1850. Alipokuwa mtoto hakupelekwa shuleni, kwani shule zilikuwa za wavulana, na hata wavulana si wote. Miguu yake ilifungwa kwa vitambaa tangu utotoni mpaka mifupa ikajikunja, ili awe na miguu midogo kama desturi ilivyotaka, basi hata kutembea kwake ni kwa shida. Huyu akija kanisani anasikia kwamba kuna kitabu. Atakisomaje?

Maandishi ya Kichina hayana alfabeti kama yetu. Kila neno, au kila kipande cha neno chenye maana, kina alama yake. Ili mtu asome gazeti bila taabu anahitaji kuzijua alama 2,000 au 3,000. Wewe msomaji ulijifunza herufi 24, ukaziunga, na siku ile ya kwanza ulipoweza kusoma neno usilolifundishwa ulitambua kwamba mlango umefunguka. Kwa alama za Kichina mlango haufunguki kwa namna hiyo; hufunguka kidogo kidogo, kwa miaka. Tena siku zile vitabu havikuandikwa kwa maneno ya kila siku. Viliandikwa kwa lugha ya kale ya wasomi, ambayo hapakuwa na mtu aliyeisema jikoni wala sokoni. Kitabu kikisomwa kwa sauti mbele ya watu wa Xiamen, ilimpasa msomaji asimame kila mara akieleze upya kwa lugha yao. Ilikuwa shida kubwa kuliko ile ampatayo mtu wa bara akisikia utenzi wa kale wa Pate kwa mara ya kwanza.

Kati ya wamisionari waliolitazama jambo hili alikuwa John Van Nest Talmage, Mmarekani aliyefika Xiamen mwaka 1847 akakaa huko zaidi ya miaka 40. Yeye na Doty, pamoja na daktari wa misheni ya Kipresbiteri ya Uingereza aitwaye James Young, waliamua kuiandika lugha ya Xiamen kama inavyosemwa, kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1852 Talmage alichapisha kitabu kidogo cha kufundishia. Maandishi hayo yakaitwa Peh-oe-ji, maana yake maandishi ya lugha isemwayo.

Kazi yao haikuwa nyepesi. Katika lugha ya Xiamen sauti ya kupanda na kushuka hubadili maana ya neno. Kwenye redio nilijaribu kuyatamka, lakini ninyi mnaosoma mna bahati kuliko waliosikiliza, maana mtaziona alama zenyewe. Tazameni: kâu ni nyani, káu ni mbwa, kàu ni kufika, kāu ni kitu kinene, kama ubao au kitambaa. Kwa sikio letu ni neno lilelile mara nne. Basi kila silabi ilipaswa kuwekewa alama yake juu, na mtu akikosea alama amemfanya nyani kuwa mbwa. Lakini jambo lenyewe lilifanyika. Mwanamke yule ambaye asingeweza kutoa miaka ya kujifunza alama 2,000 aliweza kujifunza herufi hizi kwa miezi michache, akasoma, na tena akaandika. Watu wakaandikiana barua. Agano Jipya zima kwa maandishi hayo lilitoka mwaka 1873, na Agano la Kale mwaka 1884. Kamusi kubwa ya lugha ya Xiamen iliyotungwa na Carstairs Douglas, nayo ya mwaka 1873, ilichapishwa kwa herufi za Kirumi tupu, haina alama moja ya Kichina ndani yake.

Wasomi wa mji hawakuyapenda maandishi hayo. Waliona ni ya wanawake na watoto. Nami nasema ndiyo, yalikuwa ya wanawake na watoto, na hiyo ndiyo sifa yake.

Hapa naomba ruhusa nitoke China kwa dakika moja. Mwaka huohuo wa 1844, ambao Doty na Pohlman walishuka Xiamen, Ludwig Krapf alifika Mombasa. Alikuta lugha yetu imekwisha kuandikwa siku nyingi kwa herufi za Kiarabu. Yeye akaiandika kwa herufi za Kirumi, na sarufi yake ilichapishwa mwaka 1850. Kwetu herufi hizo zikaenea shuleni na ofisini mpaka zikawa za kila mtu. Kule Xiamen hazikuziondoa alama za Kichina kamwe. Zilikaa kando yake, kama kijia cha miguu kando ya barabara kuu. Turudi sasa mtaani kwetu, Mtaa Mpya.

Mwaka 1856 Wakristo wa kanisa hilo walichagua wazee wa kanisa na mashemasi kutoka miongoni mwao wenyewe. Watu wakazidi, na mwaka 1859 likajengwa kanisa la pili mjini, mahali paitwapo Zhushujiao, yaani Chini ya Mianzi. Vijiji na miji midogo ya bara nayo ikapata makutaniko. Ndipo likazuka shauri gumu.

Kanisa la Mtaa Mpya lilikuwa limeanzishwa na Wamarekani wa Kanisa la Matengenezo, ambalo asili yake ni Uholanzi. Lakini tangu 1850 Wapresbiteri wa Uingereza nao walikuwa wakifanya kazi katika sehemu hizohizo, na wamisionari wa pande zote mbili walisaidiana bila kuhesabu nani kabatiza nani. Mkristo wa Xiamen hakujua habari za Uholanzi wala za Uingereza. Yeye alijua kanisa moja. Sasa Sinodi Kuu ya Marekani, katika mkutano wake wa mwaka 1857, iliamuru makanisa ya Xiamen yaundwe kuwa jimbo la Kanisa la Marekani, chini ya Sinodi yenyewe. Yaani fundi wa Xiamen na muuza samaki wa Xiamen, wakiwa na shauri kanisani mwao, rufani yao ya mwisho iende kukatwa ng'ambo ya bahari mbili, kwa lugha wasiyoielewa, na watu wasiowajua.

Talmage na wenzake walikataa. Mwaka 1862 makanisa ya Xiamen, yale yaliyolelewa na Wamarekani na yale yaliyolelewa na Waingereza, yalikutana pamoja katika baraza moja liitwalo Tai-hoe, yaani Mkutano Mkuu. Wazee wa Kichina walikaa humo na wamisionari, lugha ya baraza ikawa lugha ya Xiamen, na mamlaka yake hayakuwa chini ya New York wala London. Mwaka 1863 Talmage alichapisha kitabu kizima kuwaeleza Wamarekani kwa nini jambo hilo ni la haki. Sinodi haikusadiki; mwaka huo ilirudia amri yake. Wamisionari wa Xiamen wakajibu kwamba hawawezi kuitii, na kwamba Sinodi ikishikilia, heri iwarudishe nyumbani. Mwaka 1864 Sinodi iliacha kuwalazimisha.

Nalikaza jambo hili kwa sababu katika historia ya misheni za karne ile si mara nyingi utakuta watumishi wakiwaambia mabwana wao waliowatuma, na wanaowalipa mishahara, kwamba kanisa hili si lenu. Lakini tusiwape wamisionari sifa yote. Baraza halisimami kwa hoja za kitabu kilichochapwa Marekani. Linasimama kama wako watu wanaoweza kuliendesha, na hao walikuwapo, kwa sababu walikwisha kuwa na miaka kadhaa ya kuchagua wazee, kushika daftari na kuamua magomvi yao wenyewe.

Katika mwaka 1863 baraza hilo liliwawekea mikono wachungaji wawili wa kwanza wa Kichina. Luo Zhao akawa mchungaji wa Mtaa Mpya, na Ye Hanzhang akawa wa kanisa la Chini ya Mianzi. Kanuni yao ilikuwa ngumu: kanisa lisiloweza kumlipa mchungaji wake lisipewe mchungaji. Mshahara wake utoke katika mifuko ya wale anaowahudumia, usitoke kwa misheni. Kwa watu maskini hiyo ilikuwa karo nzito. Lakini fikirini maana yake. Ile nyumba ya mwaka 1849 ilijengwa kwa fedha za Marekani. Baada ya miaka 14 yule asimamaye mbele ndani ya nyumba hiyo alikuwa mtu wa Xiamen, analishwa na watu wa Xiamen. Mtu anayekulisha ndiye utakayemsikiliza. Wajumbe wa vyama vya ushirika walio kati yenu wataielewa habari hii bila mimi kuongeza neno.

Hapo ndipo mambo mengine yakaanza kutokea katika mji huo, ambayo hayakuishia ndani ya kuta za kanisa. Nitayataja mawili.

La kwanza ni la miguu. Mnamo 1874 John Macgowan, wa Shirika la Misheni la London, aliwaita wanawake Wakristo wa Xiamen kwenye mkutano wa kuzungumzia desturi ya kufunga miguu ya wasichana. Wanawake 9 walitoa ahadi ya kuiacha. Tisa tu, katika mji mzima! Nayo haikuwa ahadi rahisi, kwani mama aliyeacha kumfunga binti yake miguu alihofu kwamba binti hatapata mume. Chama walichokianzisha ndicho kinachohesabiwa kuwa cha kwanza nchini China kuipinga desturi hiyo, na Mchungaji Ye Hanzhang naye aliandika insha kuikataza. Vyama vikubwa vya miji mingine vilikuja baadaye.

La pili ni la herufi. Kijana mmoja aitwaye Lu Zhuangzhang, aliyezaliwa mwaka 1854 huko Tong'an karibu na Xiamen, alikwenda Singapore kujifunza Kiingereza, akarudi kukaa Gulangyu. Aliziona zile herufi za makanisani zinavyowafundisha watu upesi, akajiuliza kwa nini taifa zima lisiwe na njia kama hiyo. Mwaka 1892 alichapisha huko Xiamen kitabu chenye herufi alizozibuni mwenyewe. Ndilo jaribio la kwanza la Mchina kuiandika lugha yake kwa herufi za sauti, na wanahistoria wa China humweka Lu mwanzoni mwa safari iliyofika kwenye pinyin, yale maandishi ya herufi za Kirumi yaliyokubaliwa na serikali mwaka 1958, ambayo kila mtoto wa China bara huanza nayo shuleni kabla ya alama.

Na ng'ambo ya bahari, katika kisiwa cha Taiwan, ambako wengi husema lugha ileile ya Xiamen, Wapresbiteri waliyachukua maandishi ya Peh-oe-ji na mwaka 1885 wakaanza kuchapa gazeti la kanisa kwayo, mjini Tainan. Lilikuwa gazeti la kwanza kuchapwa Taiwan. Lilisomwa na wakulima na mama za nyumbani miaka mingi, hata serikali iliyotaka watu wote watumie Kimandarini ilipolikataza lisitumie herufi hizo, kuelekea mwaka 1970.

Karne ya ishirini nitaipita kwa haraka, si kwa kuwa ilikuwa tupu, bali mambo yake mengi ni yale yaliyoyapata makanisa yote ya China. Mwaka 1927 makanisa ya Xiamen yalikuwamo katika muungano mkubwa uitwao Kanisa la Kristo katika China. Katika miaka ya 1930 nyumba ya Mtaa Mpya ilijengwa upya. Mei 1938 Wajapani waliuteka mji, wakaushika mpaka 1945. Mwaka 1949 Chama cha Kikomunisti kikashika serikali, na kufikia mwaka 1951 wamisionari walikuwa karibu wote wamekwisha kuondoka nchini.

Kisha ikaja zamu ya maneno matatu: kujitawala, kujitegemea, kujieneza. Harakati iliyoanzishwa rasmi mwaka 1954 ili kuyaweka makanisa ya Kiprotestanti chini ya umoja mmoja, usio na uhusiano na wageni na wenye kuitambua serikali mpya, ilichukua jina la Nafsi Tatu kutokana na maneno hayo. Wengi hudhani yalibuniwa wakati huo. Sivyo. Watu wa misheni ndio waliokuwa wameyatumia katikati ya karne ya kumi na tisa, hasa Henry Venn wa Uingereza na Rufus Anderson wa Bodi ya Misheni ya Marekani, bodi ileile iliyowasimamia Talmage na wenzake mpaka mwaka 1857. Na Xiamen ni mahali ambapo yalikwisha kutendwa, wala hayakuwa ya karatasini tu. Neno kujitegemea Watanzania nao walilizoea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, nao wanajua kwamba neno moja laweza kubeba mizigo ya namna nyingi. Kujitawala mbele ya wageni ni jambo moja, na kujitawala mbele ya serikali yako ni jambo jingine. Watu wa Mtaa Mpya walilipata la kwanza mapema sana, na la pili halikuwa mikononi mwao.

Hilo lilionekana wazi mwaka 1966, yalipoanza yale yaliyoitwa Mapinduzi ya Utamaduni. Makanisa ya China yalifungwa yote, na la Mtaa Mpya pia. Waliotaka kusali walisali majumbani, kwa siri na kwa sauti ya chini. Mambo yalilegea baada ya 1976, na kuanzia 1979 makanisa yakaanza kufunguliwa tena, moja hapa na moja pale, na hili likiwamo. Leo ni kanisa lililoandikishwa, chini ya Harakati ya Nafsi Tatu. Wako Wakristo wengine katika China, na Xiamen pia, wasiotaka kuandikishwa kwa namna hiyo, nao hukutana majumbani, na mara kwa mara serikali huwafungia.

Ukienda Xiamen leo utaukuta ni mji wa watu zaidi ya milioni 5, wenye madaraja makubwa yanayokiunga kisiwa na bara, na majengo marefu kila upande. Askari wa Gulangyu wamekwisha kusahauliwa. Kisiwa kimejaa watalii, nacho mwaka 2017 kiliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kanisa liko katika sehemu ya zamani ya mji, ndani ya mtaa uitwao Taiguang, jengo la matofali mekundu lenye nguzo mbele na mnara mdogo wa kengele. Juu yake yameandikwa maneno, kwa alama za Kichina, si kwa zile herufi za Talmage: Kanisa la Kwanza la China.

Je, ni kweli? Kama maana yake ni kanisa la kwanza la Kikristo, si kweli hata kidogo, kwani Wakatoliki walikuwa na makanisa China zaidi ya miaka 200 kabla yake. Hata kwa Waprotestanti, Hong Kong ilikuwa na nyumba za ibada mapema zaidi, lakini Hong Kong ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Wanaolisema jina hilo hukusudia kwamba ndilo la kwanza la Kiprotestanti kujengwa China bara kwa ajili ya Wachina wenyewe, na kwa maana hiyo watu wengi hukubali. Jengo utakalolitazama si lile la mwaka 1849; lile halipo tena. Kilichobaki cha mwaka huo ni mahali penyewe, na watu wake.